Mchungaji, tunawapelekea mateja chai na wanatudanganya. Tuendelee?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni binti wa miaka 26, naimba kwaya ya vijana katika usharika mmoja hapa Dar es Salaam. Kila Jumamosi asubuhi tunapeleka chai, maandazi na neno la Mungu kwenye maskani ya vijana wanaotumia unga, upande wa Kinondoni. Huu ni mwezi wa kumi tangu tuanze, na hakuna hata mmoja aliyeacha. Mwezi uliopita nilimpa kijana mmoja shilingi 30,000 za mtaji wa karanga. Jioni yake nikamkuta kibarazani macho yamelegea, karanga hakuna, pesa hakuna. Nililia njia nzima. Mzee mmoja wa kanisa anasema tunalea uvivu, akatusomea 2 Wathesalonike 3:10. Wenzangu wanne wameshaacha kuja. Je, upendo usio na masharti una mwisho? Au tunamwaga maji mchangani?

JIBU: Amina, binti yangu, na pole sana.

Nianze na lile andiko, maana naona ndilo lililowavunja moyo wenzako. Paulo aliliandika kweli: “ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula.” Lakini lisomeni pamoja na majirani zake. Aliokuwa akiwakemea ni watu wa kanisani Thesalonike walioacha shughuli zao, wakawa wanajishughulisha na mambo ya wengine. Neno lenyewe ni “hataki”. Kijana aliyebanwa na arosto, yale mateso ya mwili uliozoea unga ukiukosa, pua zinachuruzika, anapiga miayo mfululizo, tumbo linamkata, vinyweleo vimesimama kama mwenye baridi saa sita mchana kwenye jua la Dar, huyo hajafika hata kwenye kutaka na kutotaka. Mwili umeshaamua kabla yake. Na mistari mitatu tu mbele, Paulo huyohuyo anasema: “Lakini ninyi, ndugu, msikate tamaa katika kutenda mema.” Mwombeni mzee wetu, kwa heshima zote, asome mpaka hapo.

Sasa upendo usio na masharti. Agano Jipya linatumia neno la Kigiriki, agape, na sisi wahubiri tunapenda kulitaja. Ila Kiswahili chetu kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Kwetu neno mapenzi lina maana mbili: yale ya moyo kudunda, na yale tunayoyasali kila siku, “mapenzi yako yatimizwe”. Hayo ya pili ni nia, ni jambo mtu aliloliamua. Agape inakaa jirani na hayo ya pili. Ndiyo maana Yesu aliweza kutuamuru tuwapende adui zetu. Moyo kudunda hauamriwi, nia inaamriwa. Jumamosi ukiamka huna hamu hata ya kumwona kijana yule, ukabeba chupa ya chai ukaenda, usijione mnafiki. Umependa.

Lakini sura ya upendo, 1 Wakorintho 13, ina mstari unaonitisha kila ninapoufikia: “Tena nikitoa mali zangu zote kuwalisha maskini”, halafu mwishoni, “kama sina upendo, hainifaidii kitu.” Kumbe mtu anaweza kuwalisha maskini wote na upendo usiwepo! Hilo nalijua kwa kulitenda. Nilipokuwa mchungaji kijana tulifanya huduma kubwa ya mtaani: fulana za rangi moja, spika juu ya gari, masufuria mawili ya pilau. Tulipiga picha nyingi. Nikasoma taarifa kwenye mkutano wa usharika, watu wakapiga makofi. Miezi saba baadaye nikapita maskani ileile kwa shughuli nyingine kabisa. Kijana mmoja aliyevaa fulana yetu, imepauka hadi maandishi hayasomeki, akaniambia, “Baba mchungaji, mmerudi? Sisi tulijua mmeshamaliza.” Hakusema kwa ubaya. Nikamuulizia mwenzake niliyepiga naye picha siku ile. Alikuwa amezikwa mwezi wa pili baada ya pilau. Jina lake sikulijua, nilimtaja kwa kofia aliyokuwa amevaa.

Wewe una miezi kumi, na naamini majina unayajua.

Tangu siku hiyo habari ya Msamaria, Luka 10, naisoma nikianzia mwisho. Watoto wa Sunday school wanakumbuka mafuta na divai na mnyama aliyembeba majeruhi. Mimi nasimama mstari wa 35. Asubuhi yake yule Msamaria alitoa dinari mbili. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama tunavyosoma kwenye mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Kwa hiyo si hela ya tajiri, ni ujira wa siku mbili. Tena angalia alimkabidhi nani: alimpa mwenye nyumba ya wageni. Akamwambia, “Mtunze huyu”, na kama gharama ikizidi, “mimi nitakaporudi nitakulipa.” Alikuwa na safari yake, hakuhamia pale. Lakini alimweka mgonjwa kwa mtu mwenye uwezo wa kumtunza, akaahidi kurudi. Kurudi huko ndiko kulikonishinda mimi na masufuria yangu.

Na mji wetu una nyumba hiyo ya wageni. Kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatibu waliozoea unga, ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke. Mwananyamala si mbali na hapo mnapomimina chai. Nimewahi kumsindikiza mtu, nikaona. Dawa ni ya maji. Muuguzi anapima kipimo cha mtu huyo, anampa kikombeni, anainywa hapohapo mbele yake, anazungumza maneno mawili matatu ionekane imemezwa, anaondoka. Kesho tena. Jumapili tena, sikukuu tena. Wengine wanakunywa kwa miaka. Ikipimwa sawasawa hailevyi. Inatuliza arosto mtu apate nafasi ya kumfikiria mtoto wake, kazi, mama yake. Nilipoona foleni ile nilijua nimepata funzo la upendo kuliko mahubiri yangu mengi: hakuna makofi, kuna kikombe kidogo na kesho.

Hapa naomba unisikie vizuri, maana mambo haya yanatokea makanisani na yanaua. Msimwambie mtu aliye kwenye methadoni kwamba imani yake ni haba, aiache. Wala msimfungie chumbani mkakesha mkiomba mpaka arosto ipite, mkatangaza kafunguliwa. Mwili uliokaa wiki chache bila unga hauhimili tena kiasi cha zamani. Siku akirudia kete alizozizoea anaweza kufa palepale. Ombeni, hata kwa kufunga, na kliniki mumpeleke. Aliyetuandikia habari ya Msamaria ni Luka, ambaye Paulo anamwita “yule tabibu mpendwa”.

Dawa yenyewe hailipiwi. Kinachowashinda wengi ni nauli ya kwenda kila siku, na mtu wa kusimama naye asubuhi ya kwanza, wakati aibu na arosto vinamvuta arudi maskani.

Kuhusu zile 30,000, nakwambia kama baba: ulikosea. Kumpa noti mtu aliyebanwa ni kumtwisha mzigo ambao hana mabega ya kuubeba. Hakukudanganya wewe peke yako, alijidanganya na yeye. Pengine alipopokea aliziona hizo karanga kabisa. Upendo “haufurahii udhalimu, bali hufurahi pamoja na kweli”, kwa hiyo ruhusa ya kusema hapana unayo. Toeni chai. Nauli itoeni mkiwa mmekaa naye ndani ya daladala. Mkononi msimpe. Nendeni wawili wawili, mchana, na ofisi ya serikali ya mtaa iwatambue.

Umesema mnapeleka na neno la Mungu. Vema. Ila najua wengi wa vijana wale wanaitwa Juma na Ramadhani, na wana mama wanaowaombea dua alfajiri. Chai isiwe chambo. Anayetaka kusikia habari za Yesu aambiwe bila woga; asiyetaka anywe kwa amani, asilazimishwe kufumba macho ndipo apewe andazi. Bwana wetu alipotafuta mfano wa jirani mwema alimchukua Msamaria, na Yohana anatuambia Wayahudi hawakuchangamana na Wasamaria.

Hakuna aliyeacha, unasema. Mwanangu, wakoma kumi walitakaswa, akarudi mmoja kushukuru, na Yesu hakuwarudishia ukoma wale tisa. Luka 6:35 inasema Aliye juu “ni mwema kwa wasiomshukuru, na waovu.” Huko ndiko liliko jibu la swali lako kama upendo una mwisho. Nguvu zako, hizo zina mwisho, na Mungu anajua. Mitume walipochoka hata nafasi ya kula hawana, Yesu aliwaambia, “mkapumzike kidogo.” Kwa hiyo gawaneni zamu. Wale wanne walioacha wasisemwe. Waambieni mmoja achukue Jumamosi ya kwanza ya mwezi tu, mwingine apike maandazi akiwa kwao. Nina hakika wawili watarudi.

Sasa yule kijana wa karanga. Najua Jumamosi atakaa mbali, au ataondoka akikuona unakuja. Mfuate. Mwite jina lake, mpe kikombe chake, za karanga usizitaje mpaka azitaje mwenyewe. Akishakunywa muulize kama amewahi kufika Mwananyamala. Kama hajafika, mwulize ni Jumatatu au Jumanne. Akisema sitaki, mwambie sawa, tuonane Jumamosi, na Jumamosi uonekane. Akisema ndiyo, mwende watatu, wewe, yeye na kaka mmoja wa kwaya, asubuhi mapema kabla jua halijachoma. Nauli ya wiki ya kwanza, yake na ya anayemsindikiza, nitaitoa mimi.