Re: Vantilatere (feni) za PC niliyounganisha zinapiga kelele

Jambo yaya, vile nimeelewa masini uliiunganisha mwenyewe, ukiiwasha tu inanguruma, umeshabadilisha pate ya kupoza prosesa na kelele bado iko. Usinunue kitu kwanza.

Fungua ubavu wa kesi, iwashe, sikiliza ni vantilatere gani. Zile za kesi zima masini, chomoa moja, washa tena, kelele ikipotea umeipata, ila ya prosesa usiichomoe hata kidogo. Na kelele haziko sawa: ya upepo maana yake inazunguka mbio sana, ya kukwaruza ni beringi imeisha ao kuna waya inagusa mapanga, na waya ni kufunga tu.

Hapa Goma mimi naanzaka na vumbi, juu hii vumbi nyeusi ya lava inaingia kila mahali na inakwangua, haiko laini kama ya nyumba. Ukipuliza shika mapanga na kidole yasizunguke, utaua beringi.

Halafu ingia BIOS (zile seting za masini zinafungukaka mwanzo ukiiwasha). Vantilatere ya misumari 4 inaendeshwa na PWM (sinyali ya kupanga mbio), ya misumari 3 inataka DC (mbio inapangwa na volti), ukiiachia PWM ile ya 3 inakimbia mbio mwanzo mpaka mwisho. Watu wanatupa vantilatere nzima kabisa juu ya hiyo seting tu, inaniumaka sana.

Kelele ikitoka kwa alimantasyo (ile boksi inaleteaka masini umeme), usiifungue, inabakishaka umeme ndani hata ukichomoa. Hapo mimi nabadilisha alimantasyo yote.

Jaribu, utuandikie ni kelele ya namna gani umesikia.