Mlango wa mbele unaobana masika

Ndugu, umeuliza kama upige randa mlango wako wa mbele unaobana masika: usipige sasa. Mlango wa mninga unaobana masika tu umevimba kwa unyevu. Ukiupunguza leo, kiangazi utabaki na mwanya. Kwanza kaza skrubu za bawaba ya juu, maana ikilegea mlango huinama na kukwaruza chini upande wa kitasa. Halafu pitisha kidole kwenye ukingo wa chini uone kama una vanishi. Mafundi wengi hupaka vanishi mbele na nyuma tu, na maji hunyonywa zaidi pale mbao zilipokatwa. Milango mingi ya hivi niliyoing'oa, chini nimekuta mbao tupu. Mlango ukikauka, piga msasa, paka vanishi mara mbili kwenye ukingo wa juu na wa chini. Mlango ukibana hata kiangazi, kagua fremu: pima upana juu, katikati na chini.