Maswali na majibu: Ng'ombe, kondoo na pori "la asili"

Shikamoo. Marehemu babu alisema sotoka, ule ugonjwa wa kuua ng'ombe, ililetwa na wazungu. Kweli? (Ukonga)

Marahaba. Babu hakukosea. Inaelezwa kuwa iliingia mwishoni mwa miaka ya 1880 na ng'ombe wa kulisha jeshi la Italia, kupitia Massawa. Kufikia 1891 ilikuwa imeshafika Umasaini, na sehemu nyingi zilipoteza karibu ng'ombe tisa kati ya kumi. Njaa ikafuata, na ndui juu yake. Watu husimulia mizoga na kuishia hapo, kumbe kilichofuata ndicho kizito. Mifugo, moto na jembe ndivyo vilivyozuia vichaka. Wenyewe walipokufa au kukimbia, vichaka vikafunga, mbung'o wakapata kivuli, na malale, ugonjwa wanaoueneza, ikaja nyuma yao. Mkoloni akakuta pori tupu, akadhani liko hivyo tangu dunia iumbwe. Baadhi yake leo ni hifadhi, na mtalii anapiga picha malisho ya watu waliofilisika.

Balaa hilo lilikuwa letu tu? (Mbagala)

Wapi! Huko Victoria, Australia, wenyeji waliishi kwa murnong, mmea wenye mizizi mitamu kama viazi vidogo, ambao wanawake waliuchimba kwa vijiti. Kuchimba huko kulilainisha udongo, na mmea ukazidi. Kuanzia miaka ya 1830 walowezi wakamwaga kondoo. Kondoo wakala majani, wakafukua viazi kwa pua, kwato zikashindilia udongo. Miaka michache tu, chakula kikapotea.

Nyama ya machinjio ya Vingunguti ni ya ng'ombe wa mkoloni? (Buguruni)

Hapana. Wengi ni zebu wa kienyeji kutoka mnada wa Pugu. Wa kuletwa ni kama friziani, wa maziwa.

Acha kuwatetea wafugaji. Nani kamaliza miti Shinyanga kama si ng'ombe? (Kimara)

Ng'ombe wamo, sikatai, lakini panga lilitangulia. Serikali ya Mwingereza ilifyeka misitu kwa makusudi ili kumwondoa mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakaongezeka. Wasukuma walikuwa na ngitili: mvua zikianza eneo linafungwa, mifugo haiingii mpaka kiangazi kikali. Vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 vikavuruga mpango huo. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986, kilichostawi zaidi ni ngitili zilizofufuliwa na wafugaji haohao unaowalaumu.