Boti Kongwe ya Kuvuta Wanaskii wa Majini: Itambue Kwanza, Ndipo Uipasue

Boti adimu ya fibaglasi huharibiwa zaidi na mkarabati mwenye haraka kuliko na mvua. Msasa ukishapita na sakafu ikishang'olewa, alama za kueleza ilitengenezwa na nani, tena lini, zimekwenda na vumbi. Anza na kamera na futi kamba.

Boti nyingi za aina hii ni za Marekani, ambako namba ya bodi (kiwiliwili cha boti) yenye herufi na tarakimu 12 imekuwa lazima tangu Novemba 1972. Itafute nyuma, upande wa kulia, karibu na ukingo wa juu. Tatu za kwanza ni za mtengenezaji, tano zinazofuata ni za boti yenyewe, nne za mwisho ni tarehe. Hadi 1984 kulikuwa na mitindo miwili ya tarehe. 0674 ni Juni 1974. Lakini ukikuta M74A, hiyo ni modeli ya 1974, na A hapo ni Agosti, si Januari. Boti za kabla ya 1972 hazina namba ya namna hii, kwa hiyo tegemea kibamba cha kiwandani, umbo la bodi na historia: modeli ya Ski Nautique ya kampuni ya Correct Craft ilianza 1961, na kampuni ya MasterCraft 1968. Anayekuuzia MasterCraft ya 1965 hana boti anayoisema.

Hesabu pia vifaa vya chuma na kioo. Ni afadhali boti iliyooza ndani lakini ina fremu ya kioo cha mbele, nembo na nguzo ya kufungia kamba ya mwanaskii, vyote vya asili, kuliko yenye sakafu nzuri isiyo na hivyo. Mbao zinapatikana popote. Fremu ya modeli iliyotengenezwa kwa uchache huenda usiipate kamwe.

Kazi kubwa iko chini ya sakafu. Mihimili mirefu inayobeba injini ni mbao zilizofunikwa kwa fibaglasi, na maji huingia kupitia matundu ya skrubu na bolti ambayo hayakuzibwa. Povu la kuelea lililo pembeni hunyonya maji hayo na kuyashikilia, basi mbao hazikauki tena. Gonga kwa nyundo ndogo: mlio mkavu ni dalili njema, mlio mzito uliokufa ni mbao zilizooza. Kaza bolti za vikalio vya injini; zikizunguka bila kushika, mbao zimekwisha. Kwa uhakika toboa tundu la milimita 6 chini ubavuni mwa mhimili. Unga mweupe mkavu ni salama, tope jeusi siyo. Ziba tundu papo hapo.

Kabla ya kukata, egemeza bodi sehemu nyingi, maana bila mihimili inalegea na kupinda, kisha itakauka na kasoro hiyo daima. Pima urefu wa vikalio vya injini kutoka kwenye uzi uliovutwa toka mbele hadi nyuma. Ondoa mhimili mmoja, weka mpya, ndipo uguse wa pili. Paruza fibaglasi ya zamani kwa msasa namba 40 mpaka iwe safi, kusiwe na rangi wala mafuta, ukiwa umevaa barakoa ya vumbi na mvuke. Kati ya utomvu wa aina mbili wa kugandishia fibaglasi, epoksi na poliesta, mimi huchagua epoksi hapa, kwa kuwa hushika fibaglasi iliyokwisha kukauka vizuri zaidi kuliko poliesta. Ila usiitumie na mkeka wa nyuzi fupi wa kawaida: gundi ya mkeka huo huyeyushwa na poliesta, si epoksi. Tumia kitambaa kilichoshonwa. Jaza pembe kwa mviringo wa epoksi nzito, kwani kitambaa kikikunjwa kwenye kona kali huacha hewa chini yake.

Rangi yenye chembe za chuma inayometameta isiguswe kwa pupa. Chembe ziko chini ya tabaka angavu. Msasa ukizifikia, zinapoteza mng'ao na hazirudi. Anza na msasa wa maji namba 1000, kisha 1500, 2000, halafu dawa ya kung'arisha.

Injini za Ford 351 Windsor katika boti hizi mara nyingi huzunguka kinyume na za magari. Mpangilio wa kuwaka kwa silinda wa gari ni 1-3-7-2-6-5-4-8. Wa kinyume ni 1-8-4-5-6-2-7-3. Stata nayo lazima iwe ya kinyume. Wala usifunge stata, altaneta au distribyuta ya gari hata ikiingia vizuri: ya boti imezibwa ili cheche zisiguse mvuke wa petroli uliotuama chini.

Ulinganifu wa shafti ya propela na giaboksi upimwe boti ikiwa majini, kwa sababu bodi hubadilika kidogo ikitoka kwenye trela. Pengo kati ya nyuso mbili za kiungo kinachoziunganisha lisitofautiane zaidi ya milimita 0.08 pande zote.