Tela dogo la kulala: chunguza ekseli kabla ya jiko

SWALI: Mhandisi, salaam. Mimi ni mkazi wa Bagamoyo na nina Toyota Prado. Mimi na mwenzangu tunataka tela dogo la kulala, lile la umbo la tone la maji lenye kitanda ndani na jiko nyuma, ili tusafiri Saadani, Pangani, Amani na Lushoto bila kuhangaika na hema. Nimeonyeshwa mawili. La kwanza limetoka Uingereza likiwa limetumika. Linapendeza sana, lina kilo 430 likiwa tupu, ekseli yake ni ya raba na matairi ni ya inchi 13. La pili limeundwa na mafundi wa hapa nchini. Lina springi za majani (mabamba ya chuma yaliyopangwa juu ya mengine), matairi makubwa kama ya gari na kilo 620, lakini ndani ni la kawaida tu. Bei zinakaribiana. Nichukue lipi?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa njia ulizozitaja, chukua la pili, mradi lipite ukaguzi nitakaoueleza hapa. La kwanza si tela baya, bali liliundwa kwa ajili ya lami na viwanja vya kambi vilivyosawazishwa. Umbo hili la tone lilienea Marekani katika miaka ya 1930 kwa sababu lilikuwa jepesi kiasi cha kuvutwa na gari la kawaida la familia. Kulipeleka porini ni matumizi yaliyokuja baadaye, na kilichobidi kubadilishwa ili liyaweze si kitanda wala jiko, bali ni kila kitu kilicho chini ya sakafu.

Tuanze na ekseli. Ekseli ya raba ni bomba la chuma ambalo ndani yake mna vipande virefu vya raba vinavyobanwa kila gurudumu linapopanda na kushuka. Haina kelele, haitaki grisi kwenye maungio yake, na kwenye lami ni raha tupu. Hata hivyo, raba hiyo ikichoka au bomba likipinda, fundi wa njiani hana la kufanya. Ekseli hung'olewa nzima na nyingine ikaagizwa. Springi ya majani ni nzito na ina mrusho mkali zaidi, lakini jani likikatika ukiwa Muheza au Pangani, fundi anayehudumia pikapu atatafuta jani la gari kuukuu, atalikata kwa kipimo, atalitoboa tundu la bolti ya katikati, na utaendelea na safari siku hiyo hiyo. Kwa msafiri aliye mbali na mjini, uwezekano huo una thamani kuliko ulaini wote wa raba.

Kuhusu matairi, pima kabla ya kukubali maneno ya muuzaji. Prado yako ina nati sita kwa kila ringi, na ringi ya tela inapaswa kuingia kwenye gari, na ya gari kwenye tela, ili tairi moja la akiba litumike kotekote. Pima pia umbali kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya tairi la kulia, kwenye gari na kwenye tela. Vipimo hivyo vikilingana, tela litapita katika mikondo iliyokwisha kukandamizwa na gari. Vikitofautiana sana, kila tairi la tela litachimba mkondo wake mpya kwenye mchanga na gari litavuta kama linalima. Kwenye mchanga punguza upepo hadi paundi 18 au 20 kwa matairi yote sita, uende polepole, kisha urudishe upepo ufikapo barabara ngumu. Tairi la inchi 13 huzama upesi zaidi, na kwa kuwa huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, beringi zake huchemka zaidi.

Beringi zinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndizo zinazowaacha watu wengi njiani. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa navuta tela la kazi kutoka Muheza kupanda Amani wakati wa mvua, nikavuka kijito bila kusimama kwanza. Habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi, ikiwa ya moto na ikaingia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani yake hujikunyata na kufyonza maji kupitia sili, ile raba inayozuia grisi isitoke. Jioni ya siku ya pili nilipofungua kofia ya habu ya kushoto, grisi haikuwa tena na rangi yake. Ilikuwa imegeuka laini na nyeupe-kahawia, mithili ya chai ya maziwa, na vigololi vya beringi vilikuwa vimeanza kuliwa. Tangu hapo, kabla ya maji husimama dakika kumi na tano habu zipoe, na ndani ya tela hubeba seti moja ya beringi, sili mpya na kopo la grisi. Maji ya bahari ni mabaya zaidi: ukiegesha ufukweni na mawimbi yakagusa magurudumu, fungua habu na uzisafishe mara urudipo nyumbani.

Sasa uzito. Kilo 620 ni za tela tupu. Ongeza lita 60 za maji, ambazo ni kilo 60, godoro, mtungi wa gesi, boksi la barafu, chakula, vyombo na tairi la akiba, na ni rahisi kufika kilo 820. Prado huvuta uzito huo bila taabu, lakini swali la maana zaidi ni mahali uzito ulipokaa. Sehemu ya mbele, pale tela linapoegemea gari, inapaswa kubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, yaani kati ya kilo 82 na 123 hivi. Matela ya tone yana kasoro moja ya asili: jiko liko nyuma ya ekseli, kwa hiyo kila unachokipanga jikoni huinua pua ya tela. Pua ikiwa nyepesi, tela huanza kuyumba ukiteremka kwa kasi. Likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu na ushike usukani ukiwa umenyooka. Usikanyage breki ya gari ghafla wala usiongeze kasi. Kupima si kazi kubwa: weka mizani ya kupimia watu chini ya pua ya tela lililopakiwa, juu ya ardhi tambarare. Tangi la maji likae juu ya ekseli, na vitu vizito vitangulie mbele.

Kwa uzito huo, sipendekezi tela lisilo na breki zake. Ulaya na Australia tela linalozidi kilo 750 hulazimika kuwa na breki, na mteremko wa Lushoto kwenda Mombo unatosha kueleza sababu. Kiungio cha gari na tela nacho kiwe kile kinachogeuka juu na chini, kushoto na kulia, na kuinama ubavuni, kwa kuwa kile cha kawaida chenye kichwa cha mviringo cha milimita 50 hugeuka kiasi kidogo tu, na gari likiinama upande mmoja shimoni huku tela likiinama upande wa pili, huweza kupinda au kuchomoka. Mnyororo wa usalama usikosekane.

Kwa sisi wa pwani, kutu inastahili hofu kuliko mawe. Lala chini ya tela ukiwa na tochi na bisibisi. Gongagonga kila bomba la mraba la chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba tela. Mlio mzito usio na mwangwi, au rangi inayobonyea, ni dalili kwamba chuma kimeliwa kutoka ndani. Miisho ya mabomba iwe imefungwa kwa kuchomelewa, au iwe na matundu ya kutolea maji. Bomba lililo wazi upande mmoja hukusanya tope la chumvi. Pale bati la alumini linapogusa chuma pawe na raba au gundi katikati, kwa maana metali hizo mbili zikikutana na unyevu wa chumvi, alumini huliwa. Hapo ndipo mafundi wetu wengi hukosea, nami husema hivi kwa kuwa ni rahisi kurekebisha wakati wa kuunda na ghali baadaye.

Ndani, hakikisha kuna dirisha lenye wavu pande zote mbili na tundu la hewa juu. Joto la Saadani usiku halivumiliki bila hewa kupita, na mbu hawakosi. Jiko la gesi litumike nje tu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, usipeleke tela kwenye udongo mweusi wa Saadani. Hushika magurudumu kama unga uliokandwa.

Kabla ya kulipa, omba tela lipakiwe, ulivute kilomita 20, kisha simama na uweke kiganja kwenye kila habu. Joto unaloweza kulivumilia ni la kawaida. Ikikulazimu kuondoa mkono, beringi imekazwa mno au imekauka, na hilo ni shauri la saa moja kwa fundi, si sababu ya kuliacha tela. Lakini ukikuta tairi moja limeliwa upande mmoja tu, ekseli au chesi huenda imepinda; hapo usinunue hadi lipimwe.