PHP na .NET zikigomeana, someni ujumbe kabla ya kulaumiana

Hapa Malindi kazi nyingi za sistimu zatoka kwa hoteli, na mara nyingi website imeandikwa kwa PHP halafu buking iko kwa .NET au Java (nazo ni za kuandikia programu) ya mtu mwengine kabisa, na huongea kwa SOAP, yaani kutumiana ujumbe wa XML. Zikikataa kuongea, developa wa huku anasema shida iko kule, wa kule anasema kwake yafanya kazi, na mwenye hoteli anapiga simu kila saa. Achaneni na mabishano, itoeni ile XML yenyewe muisome. Kwa PHP, kwenye SoapClient (klaenti yake ya SOAP) weka trace iwe true, kisha __getLastRequest itakupa ujumbe wote vile ulivyotoka, halafu itisha request ya klaenti yoyote inayokubaliwa, hata ya SoapUI, programu ya kujaribia SOAP, uzilinganishe mstari kwa mstari.

Ukipata errori 415, yaani seva imekataa aina ya ujumbe, usihangaike na password wala firewall. PHP usipoiambia kitu hutuma SOAP 1.1, Content-Type yake (lebo ya aina ya ujumbe) ni text/xml, na huenda seva yataka 1.2, yaani application/soap+xml. Kubadilisha soap_version ni rahisi, lakini kama jamaa wa .NET ametumia wsHttpBinding, mpangilio wa mawasiliano wa .NET, hilo peke yake halitoshi, kuna WS-Addressing (anwani ndani ya ujumbe) na mambo ya usalama ambayo SoapClient haiyajui. Muombe kwa adabu afungue endpointi (anwani ya kupokelea) ya pili ya basicHttpBinding, mpangilio ulio rahisi, ni mistari michache tu kwa config na ile yake haiguswi. Wengi hukataa mwanzo, we ng'ang'ana.

Kwa Java, ukiona mtindo wa rpc/encoded kwenye WSDL, faili inayoeleza huduma, jua hiyo ni ya kizamani, Basic Profile ya WS-I (kanuni za kufanya sistimu zielewane) iliikataza tangu 2004 na JAX-WS, ya Java ya kufanyia SOAP, haiitaki. Omba document/literal.

Sasa zinazouma kweli ni zile zisizoleta errori. Kuna hoteli sistimu ilikuwa poa Disemba yote, kufika mwezi wa tano, mvua imeshika na wageni hakuna, ikaanza kuonyesha vituko. Kumbe jibu lilikuwa linarudi na buking moja tu, na PHP ikipata kitu kimoja haikupi array (orodha), yakupa obujekti (kitu kimoja chenye sehemu zake), kwa hivyo foreach, amri ya kupitia orodha, ikawa inazunguka kwenye jina na tarehe na chumba cha huyo mgeni mmoja kana kwamba kila kimoja ni mgeni. Dawa yake ni SOAP_SINGLE_ELEMENT_ARRAYS kwenye features, na ujaribu na buking moja na sifuri kabla hujalipwa.

Tarehe nazo. Mgeni wa tarehe 15 ukimtuma kama 00:00:00+03:00, yaani saa sita usiku ya Kenya, seva ikigeuza kuwa UTC, saa ya kimataifa, inapata saa tatu usiku tarehe 14, na chumba kinashikwa siku ambayo mwenyewe bado yuko Nairobi. Kama ni siku tu mnayotaka basi saa isitumwe kabisa.

Na ukibadilisha WSDL uone PHP bado yashikilia ya zamani, ni cache, nakala iliyohifadhiwa, kwa kawaida hukaa sekunde 86400, siku nzima hiyo. Wakati wa testi weka WSDL_CACHE_NONE, ukienda live uirudishe, maana kuvuta WSDL kila request kwa intaneti hii yetu mgeni atakuwa ashabuku hoteli ya Watamu.