Sisimizi wa njano kitandani kwa mtoto

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Uyole, Mbeya. Tangu baridi ya mwezi wa sita nyumbani kuna sisimizi wadogo mno, rangi ya asali. Walianza kwenye kopo la sukari, sasa wanatokea kwenye swichi ya umeme na wanapanda hadi kitandani kwa mwanangu wa miezi saba. Nimepuliza dawa mara tatu. Wanakufa wengi, lakini baada ya siku chache wanazuka chumba kingine. Mama mkwe anasema ni mchwa, watamaliza kenchi. Nifanyeje?
Mama wa mtoto mmoja

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na mtoto. Leo hii sogeza kitanda mbali na ukuta, kila mguu uweke ndani ya kopo lenye maji, na chandarua kisiguse sakafu.

Mwambie mama mkwe kwa upole kwamba hao si mchwa. Mchwa hana kiuno, mwili wake umenyooka, tena hujificha ndani ya udongo anaojenga ukutani. Sisimizi kiuno chake kimebanwa kama kimefungwa uzi. Kenchi zako ziko salama.

Sasa dawa ya kupuliza: iache kabisa, nakuomba. Hawa wadogo wa njano wana malkia wengi katika kiota kimoja. Ukiwashtua, malkia kadhaa wanahama na watoto wao, wanaanzisha viota vipya. Ndiyo maana walianza kwenye sukari tu na sasa wako hadi vyumba vingine. Mimi nilifanya kosa hilohilo kwa mwaka mzima nilipokuwa Tukuyu, na hela zangu zikaishia madukani.

Wape chakula wakipeleke wenyewe nyumbani. Tafuta unga wa asidi ya boriki kwenye duka la dawa. Kijiko kimoja cha chai, vijiko kumi vya sukari, nusu lita ya maji ya uvuguvugu, koroga mpaka viyeyuke. Usizidishe unga ukidhani utaharakisha: ukiwa mkali wanafia njiani, na malkia hapati kitu. Chovya pamba, weka kwenye vifuniko vya soda kando ya njia yao, nyuma ya kabati na mahali ambapo mtoto hafiki, maana ni sumu. Mwanao karibu ataanza kutambaa, kwa hiyo hapo usifanye mzaha. Chupa iandike na uifungie.

Siku za mwanzo watajaa kwenye pamba hadi utaogopa. Waache, wala usifute njia yao. Wakisusa sukari, changanya unga kidogo sana na siagi ya karanga.

  

Pamba ibadilishe kila baada ya siku mbili. Itachukua wiki kadhaa, na hata wakitoweka endelea wiki mbili zaidi, kwa sababu mayai yaliyobaki kiotani yataanguliwa.